Mapigo ya moyo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni ukalimani hapa Mombasa, mara nyingi baina ya wagonjwa na madaktari wasiojua Kiswahili. Neno linalonitaabisha kuliko yote si la kitaalamu hata kidogo. Ni moyo. Mgonjwa akisema "moyo wanipiga", sina budi kujua kwanza kama asema habari ya nyama iliyo kifuani au habari ya dhiki iliyo nyumbani, kwa sababu Kiswahili hupitisha yote mawili mlango mmoja. Maswali haya yamekusanyika kwa miaka. Mengine ni ya wanafunzi wangu wa lugha, mengine ya majirani, na moja ni la khalati yangu, dada yake mama. Hilo nimelijibu kwa kirefu, maana lilikaribia kutuachia kilio.

Pigo la moyo ni nini hasa?

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia pana kifungu kidogo cha chembe zinazojitolea umeme zenyewe, bila kungoja amri ya ubongo. Umeme huo ukishuka, vyumba vya juu hujibana na kumwaga damu chini, kisha vya chini navyo hujibana na kuisukuma mapafuni na mwili mzima. Kujibana na kulegea huko, mara moja, ndilo pigo moja.

Mtu mzima aliyetulia, kila pigo lake hutoa kiasi cha mililita 70. Ukitaka kukiona kipimo hicho kwa macho, kitazame kikombe cha kahawa tungu ya barazani: ni karibu hicho hicho. Vikombe 70 kwa dakika ni kama lita 5, yaani karibu damu yote uliyo nayo imezunguka na kurudi. Kutwa kucha mapigo hupita laki moja.

Ubongo waweza kuuharakisha moyo au kuupoza, lakini hauuwashi. Moyo wa kupandikizwa hukatwa mishipa yake ya fahamu na bado hupiga kifuani mwa mwenyeji mpya. Christiaan Barnard alipoupandikiza moyo wa mtu kwa mtu kwa mara ya kwanza, Cape Town, Desemba 1967, moyo ule ulipiga. Mgonjwa aliishi siku 18, akafa kwa ugonjwa wa mapafu.

Ile sauti mbili-mbili yatoka wapi?

Wengi hudhani ni msuli unaojigonga kifuani. Sivyo. Ni milango inayofungwa. Baina ya vyumba vya juu na vya chini pana vali mbili, na kwenye matokeo ya mishipa mikubwa pana mbili nyingine. Vali za ndani zikifungwa hutoa sauti ya kwanza, nzito na ndefu kidogo. Za matokeo zikifungwa hutoa ya pili, fupi na kavu. Mimi nikiisikia huikumbuka ngoma: vumi latangulia, chapuo laitikia. Vali ikiwa mbovu, haifungi sawasawa au haifunguki vizuri, daktari husikia mvumo katikati ya sauti hizo mbili, kama maji yanayopenya kwenye ufa.

Kifaa cha kusikilizia kilizaliwa na haya. Mwaka 1816, Paris, daktari René Laennec aliletewa mgonjwa wa kike, naye hakuona vyema kumwekea sikio kifuani. Akazikunja karatasi zikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani na ya pili sikioni, akausikia moyo wazi kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Baadaye akalichonga bomba la mti. Wakunga wetu bado wana ndugu wa bomba hilo, kile kipembe wanachokikandamiza tumboni mwa mja mzito huku sikio limelazwa juu yake na mikono imeachia. Wanachokisikiliza ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika, mbio ambazo mama hata hazisikii.

Nani aliyegundua kwamba damu huzunguka?

Katika karne ya 13, tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis aliandika kwamba damu ya upande wa kulia wa moyo hupita mapafuni ndipo ije kushoto, akampinga Galen, tabibu wa kale wa Kiyunani ambaye matabibu wa zama hizo walimfuata. Mzunguko mzima ulielezwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628, na hoja yake kubwa ilikuwa hesabu kama ile ya vikombe: damu inayotoka moyoni kwa saa moja ni nyingi mno mwili kuweza kuitengeneza upya kila mara, basi lazima ni ile ile inayorudi.

Mapigo mangapi ni ya kawaida, na nitayapima vipi bila mashine?

Mtu mzima aliyepumzika: 60 hadi 100 kwa dakika. Mkimbiaji aliyezoea mazoezi aweza kuwa na 40 na kitu na akawa mzima kabisa. Kitoto kichanga kwa kawaida hupita 100. Ndovu ni kama 30.

Kaa kitako dakika tano. Geuza kiganja juu. Weka kidole cha shahada na cha kati chini ya kidole gumba cha mkono wa pili, pale kifundoni, kwenye kijibonde kilicho pembeni mwa kano. Usitumie gumba, kwani nalo lina mshipa wake na utajihesabu mwenyewe. Hesabu nusu dakika, zidisha mara mbili. Lakini ukihisi mapigo hayafuatani vizuri, hesabu dakika nzima, na kumbuka jambo ambalo watu hulisahau: idadi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kama yaenda kwa mpango au yaenda ovyo.

Mbona moyo hunienda mbio na sina homa?

Hofu, furaha, hasira na ngazi za ghorofa zote hupita njia moja: homoni ya adrenalini humwagika, na zile chembe za umeme huongeza kasi. Kahawa huchangia. Muguka na miraa huchangia zaidi, kwa kuwa zina kathinoni, ambayo huupiga moyo mijeledi na kupandisha presha. Vijana huniambia kwamba huhisi "nishai" tu. Mshike mmoja wao mkono baada ya saa mbili za kutafuna, uhesabu.

Upungufu wa damu, maji kidogo mwilini na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi pia hukimbiza moyo. Mbio zinazokuja bila sababu, zikadumu, au zikaja na kizunguzungu, ni za kumpelekea daktari.

Moyo kuruka ni kweli, au ni maneno tu?

Ni kweli, ingawa hauruki. Pigo moja huja mapema kabla ya zamu yake, kisha moyo hungoja kidogo, na lile linalofuata huwa na damu nyingi, kwa hivyo huja kwa kishindo. Tunachokihisi ni ule mngojo na kile kishindo. Karibu kila mtu hupatwa, na aghalabu hakuna neno.

Kiswahili kina jina la hali hii na tumelipoteza njiani: kiherehere. Siku hizi ukimwambia mtu ana kiherehere unamaanisha hujipeleka mbele asipoitwa. Ila maana yake nyingine ni mpapatiko wa moyo, na wazee wakisema "nina kiherehere cha moyo" wana haki ya kusikilizwa, si kuchekwa.

Moyo, roho, mtima, maini: tofauti yake nini?

Moyo ndilo neno la kila siku, na wingi wake ni mioyo au nyoyo. Mtima ni moyo huo huo katika vazi la ushairi. Si neno lililobuniwa na malenga: Waganda wasema omutima, Wanyarwanda umutima. Ni neno la kale la Kibantu ambalo kwetu limebaki kuishi kwenye beti.

Roho ilitujia na Kiarabu ikimaanisha uhai na nafsi, lakini vinywani mwa watu imehamia kifuani. "Roho yanidunda", "kiroho papo", "roho mkononi": zote hizo ni sifa za moyo unaopiga, nazo zimepewa roho. Maini yamebeba uchungu wa maneno, ndiyo maana aliyetukanwa mbele za watu husema amekatwa maini. Wasiwasi ukapewa tumbo, likawa joto.

Msemo niupendao ni kujipiga moyo konde. Konde ni ngumi, na moyo ni wa kiasi cha ngumi. Mtu anayesita kuingia chumba cha maiti kumtambua nduguye hujipiga moyo konde, akaingia. Ni kama kuugonga mlango wa ndani ili ufunguke. Sijapata namna ya kuutafsiri msemo huu mbele ya daktari mgeni bila kuupunguza, na nimeacha kujaribu: husema tu kwamba mgonjwa amejikaza.

Ugumu wa kazi yangu uko hapo. Methali yasema moyo wa mtu ni msitu wa giza, nayo ni kweli kwa siri na nia. Kwa ugonjwa si kweli: moyo wa nyama waweza kuguswa kifundoni, kusikilizwa kifuani na kuchorwa kwenye karatasi. Mazoea ya kuufanya moyo fumbo hutufanya tusiuangalie.

Na neno "mapigo" je, si ndilo la adhabu?

Ndilo. Pigo ni dharuba ya fimbo, ni msiba ("kifo chake ni pigo kwa mji"), na wanaosoma Biblia wana mapigo kumi ya Misri. Ngoma nayo ina mapigo. Mpigo, kwa umoja, ni kufanya jambo zima kwa mara moja: amenunua magunia matatu kwa mpigo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini lugha iite uhai na adhabu kwa jina moja. Nilimwambia aitazame piga: twapiga pasi, twapiga simu, twapiga picha, twapiga magoti, na hakuna anayeumia. Kitenzi hicho hushika jambo lolote linalofanywa kwa tukio moja kamili.

Kwa muda mfupi sana, naweza kusema "kwa pigo moja la moyo"?

Wageni hupima muda kwa moyo. Sisi twaupima kwa jicho: kufumba na kufumbua. Tumia hilo.

Watu husema bandari ndiyo mapigo ya moyo wa Mombasa. Ni sahihi?

Kilindini hulisha Kenya na nchi zisizo na bahari kama Uganda, na winchi zake hazilali, kwa hivyo sitabishana. Lakini tamathali nzuri ni ile inayofanana na kitu chenyewe, na kwa hilo mimi huchagua feri ya Likoni. Simama upande wa kisiwani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Feri yaja imejaa hadi ukingoni. Ulimi wa chuma washuka, na watu wamwagika kwa pamoja: wachuuzi na madebe yao, watoto wa shule, mafundi, akina mama wenye vikapu, baiskeli na mikokoteni ikivutwa kwa kelele za "hodari! pisha!" Dakika chache, chombo kimekuwa kitupu. Kinajaa tena, ulimi wapanda, chavuka. Kujaa, kufunga, kumwaga. Jioni mkondo wageuka, waliokuja warudi. Hicho ni chumba cha moyo chenye mlango wake, na mlango ukikwama nusu saa, mji wote wajua.

Nimesikia kompyuta nazo zina mapigo ya moyo.

Zina. Mashine mbili zinazotegemeana hutumiana ujumbe mfupi kila baada ya muda fulani, maana yake "nipo". Moja ikikosa kuisikia mwenzake mara kadhaa, huihesabu kuwa imekufa, na nyingine hushika nafasi yake. Sehemu ya ujumbe wa aina hiyo hupita baharini hapa hapa, kwenye nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka 2009.

Aprili 2014 ilitangazwa kasoro katika mapigo ya aina hiyo ndani ya programu ya OpenSSL, ambayo tovuti nyingi duniani ziliitegemea kuficha siri za watu. Mashine iliyouliza ilipaswa kutuma neno na kutaja urefu wake, na ile iliyoulizwa ilirudishe. Iliyoulizwa haikuuhakiki urefu. Mwerevu alituma herufi chache, akadai ni maelfu, akajibiwa kwa kilobaiti hadi 64 za chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu, nywila zikiwemo. Kasoro hiyo iliitwa Heartbleed, moyo unaovuja damu, na jina liliistahili.

Mtu aweza kweli kufa kwa moyo kuvunjika?

Kuna ugonjwa wa jina hilo, na ulielezwa kwanza na madaktari wa Japani mwaka 1990. Baada ya mshtuko mkubwa, msiba kwa mfano, chumba cha chini cha kushoto hulegea na kuvimba nchani huku shingo yake ikibaki nyembamba. Kwenye picha kilifanana na chungu wanachotumia wavuvi wa huko kutega pweza, nao chungu hicho huitwa takotsubo, basi ugonjwa ukaitwa hivyo. (Sisi pweza twamtoa miambani kwa mchokoo maji yakitoka. Dema letu ni la samaki.) Wengi wapatwao ni wanawake waliokwisha koma hedhi. Dalili zake ni zile zile za mshtuko wa moyo: maumivu ya kifua, pumzi kukata. Wengi hupona kwa majuma machache, lakini wachache hufa.

Tangu mume wangu afe moyo wanipapatika. Si huzuni tu?

Hili ndilo la khalati. Alikuwa edani, mwezi wa pili. Aliniambia, "Mwanangu, moyo wanipapatika kama kuku aliyefungwa miguu." Nami, niliyekuwa nikiwatafsiria watu maneno hayo hayo kila wiki, nilimwambia, "Subira, khalati. Ni msiba." Wanawake waliomzunguka walisema vivyo hivyo. Tulimpeleka zahanati moja, akaulizwa kilichomsibu, akasema amefiwa, akapewa vidonge vya usingizi. Hakuna aliyemshika mkono.

Juma lililofuata nilikwenda kumsalimu. Alikuwa ameketi mkekani, amejifunika leso nyeupe, apumua kama aliyetoka kupanda ngazi. Nilipompa mkono sikuuachia. Niliteremsha vidole viwili kifundoni, nikangoja. Pigo, pigo, kimya, matatu ya haraka, moja dhaifu, kimya tena. Kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, hujui lijalo litaanguka lini. Nilihesabu dakika nzima, nikafika 130 na kitu, na mengine nadhani yalinipita.

Mmoja wa jamaa alisema eda haijaisha. Khalati mwenyewe alijibu kwamba eda haimkatazi mgonjwa kutibiwa, na ndivyo ilivyo. Hospitalini walimchora moyo kwa waya za kifuani, na karatasi ikaonyesha vyumba vya juu havijibani, vyatetemeka tu. Damu inayosimama kwenye chumba kinachotetemeka huganda, na bonge likipanda kichwani huwa kiharusi. Daktari aliuliza kama utotoni aliwahi kuumwa na viungo. Aliwahi: akiwa na miaka tisa, magoti yalivimba baada ya mafindofindo. Ilikuwa homa ya baridi yabisi, nayo ilimharibia vali moja, naye ameishi na vali hiyo miaka hamsini bila kujua. Mafindofindo ya bakteria kwa mtoto hutibika kwa penisilini, na kuyatibu ndiko kunakozuia haya. Sasa khalati yu kwenye dawa ya kupoza mapigo na nyingine ya kuzuia damu isigande.

Huzuni alikuwa nayo kweli. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja, nami nilikitaja kimoja.

Moyo wa mtu ukisimama mbele yangu nifanye nini?

Ameanguka, haitiki, hapumui au akoroma kwa kukatakata: mwambie mtu apige 999 au 112. Mlaze chali mahali pagumu. Weka mikono miwili katikati ya kifua, mmoja juu ya mwingine, viwiko vimenyooka, ukandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kirudi juu kila mara. Usiache hadi msaada ufike. Ikiwa ametolewa baharini, mpulizie pumzi kwanza, kwa kuwa yeye amekosa hewa kabla ya moyo kusimama.

Nikifika kwa daktari niseme vipi ili nisifahamike vibaya?

Usianze na "moyo waniuma". Anza na mahali: kifua, katikati au kushoto, maumivu yashuka mkononi au yapanda tayani. Kisha wakati: yalianza lini, hukaa dakika ngapi, huja nikipanda ngazi au nikiwa nimelala. Kisha mwendo wa mapigo: mbio, polepole, au hayana mpango. Taja jasho, kichefuchefu na pumzi, hasa ukiwa mwanamke, kwani kwa wanawake mshtuko wa moyo mara nyingine huja na uchovu na kichefuchefu kuliko maumivu. Maumivu ya kifua yanayobana na kudumu si ya kungoja miadi. Nenda saa hiyo hiyo. Msiba utaje pia, lakini utaje mwisho.

Na nenda na namba. Khalati ana kijidaftari cha shule kilichowekwa chini ya mto, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila alfajiri baada ya kuswali hushika kifundo chake na kuitazama saa ya ukutani. Jana alinionyesha ukurasa. Jumatatu 82, hayana mpango. Jumanne 78, hayana mpango. Jumatano 80, hayana mpango, nimemuota mume wangu.